Ukoko Hauhesabiwi

Dahabo alizikwa Alhamisi, na Jumapili nikajikuta uani kwa mwanawe, hapa Garsen, nimekaa mkekani mbele ya masinia matano ya pilau nisiyoruhusiwa kuigusa tangu nipatwe na kisukari. Niliyahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikuwa kwenye nyama. Matano. Wanawake walikula kwa adabu ya matanga, yaani haraka na bila kusifu, nami nikafungua kikopo alichonifungia mjukuu wangu: vipande vya soya vilivyokaangwa na vitunguu, mchicha, yai moja. Msichana aliyekuwa akipitisha maji akachungulia. "Nyanya, hata wewe umeingia mambo ya soya? Hiyo si ya watu wa Nairobi wanaopunguza tumbo?" Nikamwambia soya niliila kabla mamake hajazaliwa, na kwamba katika Garsen nzima mimi nilikuwa mlaji wa tatu. Wa kwanza Bi Zena, wa pili mbuzi wa Dresa. Akacheka, akadhani ni mzaha wa kuondoa huzuni. Shahidi wangu alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyekuja kumlilia.

Mwaka ule wa miaka ya hamsini nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kukaa. Nasema kukaa kwa maana ya makalio kugusa benchi. Nilikuwa nimetoka Ozi na sanduku la bati, nia yangu ni Mombasa, na Garsen ilikuwa mahali pa kungoja lori. Nikangoja miezi kumi na minne. Hoteli ya Bi Zena ilikuwa hatua sitini kutoka kivukoni, sitini na mbili ukirudi, maana kurudi ni mlima kidogo: meza mbili, mabenchi matatu, paa la mabati, na nyuma jiko la makuti lenye mafiga yaliyopikiwa mpaka yakawa meusi kama meno ya mvuta kiko. Aliyekwama akingoja kuvuka alikula kwake, na kila mtu alikwama. Yeye alipika, mimi nilinunua. Samaki, mchele, nazi, maziwa, vyote vilipita mikononi mwangu, na watu wa mtoni wakanifupisha jina, Mwanamkasi nikawa Mkasi, wakisema huyu binti hakuachii kitu bila kukipunguza ncha. Lori likipita nilitoka nje kulitazama. Jioni nilifungua sanduku, nikakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa, nikalifunga. Bi Zena akisema, "Hilo bati litatoboka kwa kufunguliwa. Nenda, au tulia." Sikuenda, wala sikutulia.

Kidonda chake kilianza kama mchubuko wa ukuni, kwenye kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Wiki sita hakikupona. Alikuwa akinywa maji mtungi mzima kwa siku, na nilimtania kwamba mto utakauka kwa ajili yake. Dresa wa zahanati, kijana mpole wa Kipokomo aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, akampeleka hospitali ya pwani kwa lori la serikali. Bi Zena alirudi siku ya tisa na karatasi mkononi, akakaa benchi la mbele bila kuvua buibui, akasema, "Nisomee, Dresa. Soma taratibu, Mkasi ahesabu." Dresa akasoma. Wali, hapana. Ugali, hapana. Mkate, hapana. Mahamri, hapana. Ndizi, mbichi na mbivu, hapana. Muhogo, viazi, maembe, asali, sukari, hapana.

"Umesahau hewa," Bi Zena akasema.

"Samaki ndiyo," Dresa akaendelea, "mayai, nyama, mboga za majani, maziwa kiasi. Na daktari amekazia sana, soya."

"Soya ndiyo nini?"

"Maharagwe ya Wachina, mama."

"Na mimi Wachina nimewakosea nini?" Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha vidole akihesabu yaliyokatazwa, nami nikahesabu kwangu, tukafika pamoja kumi na moja kwa kuwa ndizi tulizihesabu mbili. Kisha akasema neno ambalo nililisikia kwa sikio la mchuuzi, nikalipenda: "Sawa. Lililotajwa nimelisikia. Ambalo halikutajwa halikukatazwa." Halafu, kwa sauti ya chini, akamuuliza Dresa swali ambalo kila mtu wa mto huu angeuliza: "Lakini mwanangu, hayo uliyoniruhusu yote ni kitoweo. Chakula kiko wapi?"

Hapo ndipo penye kisa chote, na mtu asiyekulia kwetu anaweza kupapita. Kwetu mtu anaweza kula kambare mzima, mayai manne na bakuli la mchicha, ukamuuliza umekula, akakujibu kwa moyo safi: bado, nangoja wali. Chakula ni kile kinachokaa tumboni kama jiwe kwenye mtumbwi. Vingine vinakisindikiza. Kumwambia mpishi wa wali, aliyepika wali miaka thelathini, kwamba kuanzia leo atakula msafara bila bwana harusi, ilikuwa ni kumwambia hatakula tena. Na sharti la daktari lilikuwa baya kuliko karatasi. Arudi baada ya miezi mitatu. Mkojo ukiwa bado mwekundu, mguu utakatwa, na daktari alimwonyesha mahali kwa kalamu, chini kidogo ya goti. Wino ulikuwa bado unaonekana. Alikuwa ameoga mara tisa akiuzunguka.

Wekundu huo ulipimwa hivi. Dresa alikuwa na chupa ya dawa ya buluu na taa ndogo ya spiriti. Alitia dawa kwenye bomba la kioo, akadondosha mkojo matone manane, akachemsha. Dawa ikibaki buluu, umepona. Ikigeuka kijani, una nafuu. Ikiwa njano, angalia. Ikitoka rangi ya tofali, andaa mguu. Siku ya kwanza ilitoka tofali, tofali la kujengea ghorofa. Nikasema pale pale mbele ya Dresa kwamba siondoki mpaka chupa ibaki buluu. Sijui kwa nini nilisema. Ulimi wangu, ambao haujawahi kukubali bei ya kwanza, siku ile ulikubali bila kuuliza.

Soya niliipata kwa Komora, mkulima wa kandokando ya mto upande wa juu, aliyekuwa akishuka na mtumbwi kila Ijumaa. Bwana shamba alikuwa amempa debe zima kwa majaribio. Nikamkuta amelikalia.

"Hii kitu sijui ni laana," akaniambia. "Nimechemsha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kuni imeisha, yenyewe iko mbichi."

"Na ulizopanda?"

"Mistari minne. Nguruwe mwitu akakuja, akanusa, akapita, akakula mahindi ya jirani."

Kwa bidhaa ambayo hata nguruwe ameikataa, nilijua bei yangu. Aliomba samaki wakavu kumi. Nikatoa watatu, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena, tukamalizana kwa wanne na yeye akanibebea debe mpaka jikoni. Nilidhani nimemlalia. Mpaka leo sina hakika nani alimlalia nani.

Kupika sasa. Siku ya kwanza tuliichemsha kama kunde, ikawa kokoto zenye harufu ya majani mabichi. Siku ya pili niliiroweka kutwa kucha, nikaifikicha maganda, nikaitwanga kwenye kinu, na mikono yangu, ambayo kutoka utotoni ilijua jambo moja tu la kufanyia kitu cheupe kama nazi iliyokunwa, ikaifanyia lile lile: nikaitia maji, nikaikamua kwenye kipande cha kanga, likatoka tui. Tui jeupe, zito, zuri kushinda la nazi. Tukashangilia. Tukalinywa bila kulichemsha, mimi kikombe, Bi Zena vikombe viwili. Sitaeleza alasiri ile. Nitasema tu kwamba kutoka jikoni hadi chooni ni hatua ishirini na moja na kwamba nilizihesabu mara saba. Chicha, yale makapi yanayobaki kwenye kitambaa, nilimtupia mbuzi wa Dresa, akala, akalamba ardhi. Yeye hakudhurika. Hiyo ndiyo nafasi yake ya pili ninayomtambua, ingawa kwa mpangilio wa haki angekuwa wa tatu.

Tulijifunza. Tui tulichemsha mpaka likapanda mara tatu, tukaunga nalo samaki badala ya nazi, na kila asubuhi Bi Zena akanywa kikombe cha tui lenye iliki bila sukari, uso umekunjwa kama anayesikiliza hotuba. Dahabo alikuwa akituletea maziwa. Alikuwa Muorma wa rika langu, mrefu, mwenye kibuyu ubavuni na mzaha mdomoni, na alipoona tunakamua maharagwe alilazimika kukitua kibuyu chini. "Nyinyi watu ya mto," akasema, "ng'ombe iko, maziwa iko, nyinyi nakamua mbegu! Kesho takamua mawe." Bi Zena akamwambia daktari amesema. Dahabo akauliza daktari amekataza nini, nikamtajia kumi na moja. Akafikiri. "Babu yangu alikula maziwa na nyama na damu maisha yake yote. Hiyo yenu alikula siku ya Idi tu. Yeye alitembea mpaka akachoka kutembea." Bi Zena akamjibu, "Basi nenda ukanitafutie mume Muorma, nipate ng'ombe." Wakacheka wawili wale mpaka tui likamwagika.

Majadiliano yetu ya kila siku sasa yalikuwa juu ya sahani yake. Aliomba wali vijiko vitano, nikasema hakuna. Akashuka vitatu. Nikasema hakuna. Akashuka kimoja cha kuondolea harufu ya samaki, nikasema harufu ya samaki haijamuua mtu. Nilipakua mimi, nilihesabu sahani zilizotoka na zilizorudi, nilihesabu mahamri usiku yakiwa unga na asubuhi yakiwa mahamri. Wiki ya tatu chupa ikatoka njano. Wiki ya tano ikatoka kijani, kijani cha kweli, cha jani la mgomba, na kidonda kikaanza kukauka pembeni. Nilikwenda kivukoni na kurudi mara nne siku ile bila shughuli yoyote. Nikaanza kuuliza madereva nafasi.

Wiki ya saba ikarudi tofali.

Sikuamini. Nikamwambia Dresa arudie, akarudia. Tofali. Bi Zena alikuwa akitazama dirishani. Nikarudi hotelini nikahesabu mchele gunia hadi kibaba, nikahesabu ndizi kwenye mkungu, nikapima sukari. Hakuna kilichopungua. Nikamshuku Komora kwamba alichanganya mahindi. Nikamshuku Dahabo kwamba anatia kitu kwenye maziwa, nikamuuliza uso kwa uso, naye akainua kibuyu chake akanywa chote mbele yangu, akapangusa mdomo, akaenda bila kuniaga. Akaacha kuja. Nikamshuku hata Dresa na chupa yake. Sikulala, sikukaa, nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Zilikuwa zimebaki wiki tano, na kidole cha pili kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Nilimkamata alasiri, saa ambayo Garsen yote inalala kwa joto na hata kivuko hakiiti. Nilikuwa nimekwenda kuhesabu kuni, kwa kuwa vingine vyote nilikwisha kuvihesabu. Nyuma ya jiko nikasikia sauti niliyoisikia kila siku tangu nifike na ambayo masikio yangu hayakuwahi kuiuliza kitu: kwaru, kwaru, kwaru. Bi Zena yuko kigodani, sufuria kubwa ya wali iko katikati ya miguu, ule mguu wa wino umenyooshwa mbele kama mgeni, na kwa kijiko cha chuma anakwangua ukoko. Vipande vya rangi ya dhahabu, vipana kama kiganja, vimelowa nazi. Anakula taratibu, macho yamefumbwa. Kila siku alikuwa akiniambia, "Sufuria kubwa niachie niioshe mwenyewe, wewe umechoka," na mimi, Mkasi, mchuuzi wa Garsen, nilikuwa nikimshukuru.

"Bi Zena."

Hakushtuka. "Wali sikula," akasema. "Uliza sahani zako."

"Na huo?"

"Huu ni ukoko."

"Ukoko ni wali!"

"Wali ni wa mteja. Ukoko ni wa sufuria." Akafumbua macho. "Alisoma Dresa, ukahesabu wewe. Ukoko ulikuwa wa ngapi?"

Hapo alikuwa amenishinda kihalali. Nilihesabu sahani, sikuhesabu sufuria. Hakuna anayehesabu ukoko. Hauuzwi, haupakuliwi, mgeni haletewi, ni haki ya aliyepika na kimya chake. Basi nilijibu kwa mkono. Nilichukua mtungi nikamimina maji yote ndani ya sufuria, juu ya ukoko, juu ya kijiko, juu ya vidole vyake.

Aliutazama ukivimba na kubadilika rangi. "Miaka thelathini," akasema. "Sahani ya kwanza ya mteja, ya mwisho ya mteja. Mume alikula, akaenda zake. Changu ni hiki tu. Umeninyang'anya wali nikanyamaza, chai yangu nikanyamaza. Sasa na hiki?"

"Mguu utakatwa, mama. Utasimamaje jikoni? Nani atakushika?"

"Si wewe. Wewe una sanduku."

Siku sita hakunisemesha. Nilimwaga maji kila adhuhuri, sahani ya mwisho ikitoka tu, na kila adhuhuri alikuwa akigeuza uso. Alikula samaki, akanywa tui, akasema "alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeporwa. Lori lilikuja siku ya nne, dereva akaniita kwa jina, nafasi ipo mbele, kiti cha mtu mzima. Nikatoka na sanduku mpaka kivukoni. Hatua sitini. Nikarudi. Sitini na mbili.

Siku ya sita ndipo Dahabo aliporudi. Nilimwomba radhi, naye akaniacha niombe mara mbili, akijua desturi yangu. Kisha nikamweleza. Hakucheka safari hii. Akatazama jikoni, akaona kitambaa cha kanga na chicha ya soya ya asubuhi iliyokuwa ikimngoja mbuzi. Akafungua kikopo cha samli aliyokuwa akipeleka sokoni. "Yeye hataki mchele," akasema. "Yeye nataka kukwangua. Wewe umpe kitu ya kukwangua."

Tulitia samli kwenye sufuria ile ile kubwa, maana ndogo ingekuwa matusi. Chicha tukaitia chumvi, kitunguu, bizari, yai moja la kuishikanisha, tukaibandika chini kwa mgongo wa upawa, tukapalia makaa na juu ya kifuniko pia. Tukangoja. Ikaanza kunukia kama karanga. Dahabo akagonga kwa kijiko, ikajibu kavu. Nikabeba sufuria nikaiweka mbele ya kigoda cha Bi Zena, nikampa kijiko cha chuma, nikarudi nyuma ya mlango wa makuti na Dahabo tukibanana.

Tukasikia kigoda kikilia chini yake. Halafu: kwaru. Kwaru, kwaru.

"Mkasi!" akaita. Nikatoka. Alikuwa na kipande mdomoni, anakitafuna upande mmoja kama anayepima nguo. "Huu si ukoko."

"Najua, mama."

"Ukoko naujua mimi, huu si ukoko." Akakwangua kingine. "Lakini umeshika sufuria." Akakitazama dhidi ya mwanga. "Vipande vingapi kwa siku?"

"Viwili."

"Sita."

"Viwili."

"Mwanaharamu wee, nani alikulea? Vinne."

"Vitatu," nikasema, ingawa ningempa hata ishirini.

Mbuzi wa Dresa alikonda wiki zile. Komora alileta ile mistari minne aliyovuna, akiomba samaki kumi na wawili, akapata saba. Wiki ya kumi chupa ilitoka kijani, ya kumi na moja kijani chepesi, na asubuhi ya kupanda lori la hospitali Dresa alichemsha mbele yetu sote, Dahabo na kibuyu chake wakiwa mlangoni, na dawa ikakaa. Nikamwambia arudie. Ikakaa buluu kama ilivyotoka chupani. Bi Zena alirudi baada ya siku kumi na mbili akitembea na mkongojo. Walimkata kidole cha pili, peke yake. Wino wa chini ya goti alikuwa ameusugua mwenyewe kwa jiwe. Akakaa benchi la mbele, akanitazama nilivyosimama, akasema, "Sasa nenda. Mguu wangu umenitosha." Nikaenda Mombasa na lori la Ijumaa. Nilikuwa nimelitaka lori hilo mwaka mzima, na lilipoanza kutembea nikawa ninahesabu vituo vya kurudi.

Aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Nilikuja kumwosha mimi na Dahabo, na kwa kuwa sina adabu hata mbele ya maiti, nilihesabu. Miguu miwili, vidole tisa. Nikarudia.

Pale matangani Jumapili, masinia yalipokwisha kuondolewa, nilisikia kutoka jikoni sauti ile ambayo siku hizi hainipiti. Yule msichana akatokea na kifuniko cha sufuria, juu yake vipande vitatu vya ukoko wa pilau, vya rangi ya kahawia, vinang'aa mafuta. Akachuchumaa karibu yangu, akanong'ona kama anayenipa siri ya ukoo: "Nyanya, nimekuonea huruma. Chukua. Huu si pilau, ni ukoko tu."

Nikakipokea kifuniko. Nikavinusa vyote vitatu. Dahabo angekuwepo angeniziba mdomo kwa kiganja. Kisha nikamwomba binti aniletee jagi la maji, naye akalikimbilia upesi, akidhani nina kiu.